Bunduki ipi na kaliba ipi kwa shabaha ya yadi 1000?

"Shikamoo mwalimu. Nina leseni, ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na hadi sasa natumia .22, kaliba ndogo (kaliba ni ukubwa wa risasi na mtutu wake), kwa umbali usiozidi mita 100. Nataka kupanda hadi mita 600, kisha yadi 1000 Mungu akipenda. Pesa yangu inatosha bunduki moja tu, na nitatumia risasi za dukani kwa sababu sijazi maganda ya risasi mwenyewe, yaani sipakii. Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema .308 ndiyo baba lao, mwingine ananipigia debe 6.5 Creedmoor, na wa tatu, ambaye ni mwindaji wa siku nyingi na ninamheshimu, anasisitiza kwamba bila .300 Winchester Magnum yenye mtutu mrefu na kichwa kizito (kichwa ni ile sehemu ya risasi inayoruka), upepo utaichezea risasi yangu. Mimi ni mwembamba, na teke la bunduki inapojirudisha begani naliogopa. Halafu kuna bunduki ya mtumba ninayouziwa kwa bei nzuri. Nifanyeje?"

Marahaba. Ninavyokuelewa, unahofia kununua bunduki ndogo ikakuishia njiani, au kubwa ikakushinda nguvu, na huna pesa ya kukosea mara mbili. Basi nianze na jibu, sababu zitafuata. Kwa mtu anayenunua risasi za dukani, asiyetaka teke, na anayetafuta bunduki moja ya kumfikisha yadi 1000, yaani mita 914, chukua 6.5 Creedmoor ya bolti, yaani unayoivuta na kuisukuma komeo kwa mkono kila risasi. Kama klabu yako inashindana katika F-TR au Palma, ambayo ni mashindano ya kulenga mbali, chukua .308 Winchester, maana hapo kanuni ndizo zinazoamua. Magnum iache dukani kwa sasa.

Mzee wako mwindaji hajakosea katika ulimwengu wake. Mwindaji anahitaji risasi ifike kwa mnyama ikiwa na nguvu ya kumwangusha papo hapo asiteseke. Karatasi haihitaji kuangushwa, inahitaji tundu tu. Ukiondoa hitaji la nguvu, hoja nyingi za magnum zinabaki hewani, na linalosalia ni upepo. Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wengi hudhani upepo huisukuma risasi kwa muda wote inapokuwa hewani, na kwamba iliyo nzito au yenye kasi zaidi lazima ihame kidogo. Sivyo. Kinachohesabika ni kuchelewa. Chukulia kwamba hewa haipo kabisa: risasi ingetoka mtutuni na kufika kwenye shabaha kwa kasi ileile, kwa muda fulani. Lakini hewa ipo, inaishika, kwa hiyo risasi inafika baada ya muda huo. Zile sekunde za ziada, ukizizidisha kwa kasi ya upepo wa pembeni, ndizo zinazokupa umbali ambao risasi itahama. Ni hesabu ya zamani na hadi leo inafanya kazi.

Tuiwekee namba. .308 yenye kichwa cha greni 175, ambazo ni gramu 11 na ushei, hutoka kwa kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde na kufika yadi 1000 kwa sekunde 1.73 hivi. Bila hewa ingetumia sekunde 1.15. Imechelewa kwa karibu sekunde 0.58. Upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde, ambao usoni unausikia na bendera inaupepea bila kunyooka, utaihamisha kwa mita 2.6. Sasa chukua 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 140, gramu 9 tu, inayotoka kwa mita 825 hivi kwa sekunde. Inachelewa kwa karibu sekunde 0.42, na upepo uleule unaihamisha kwa mita 1.9. Kichwa chepesi zaidi kimehama kidogo zaidi! Sababu ni umbo lake: ni chembamba na kirefu, pua yake imechongoka, mkia wake umepunguzwa, kwa hiyo kinaipasua hewa bila kupoteza kasi nyingi. Uzito una faida yake pale tu unapokuja pamoja na umbo hilo.

Huna haja ya kuniamini kwa maneno. Siku yenye upepo wa pembeni uliotulia, nenda na .22 yako kwenye mita 100 na aina mbili za risasi: zile za mashindano ambazo hutoka chini kidogo ya kasi ya sauti, na zile zinazouzwa kwa sifa ya kasi kubwa. Weka alama ileile ya kulengea, piga kumi kumi. Zile za kasi ndizo zitakazohama zaidi. Zinatoka juu ya kasi ya sauti, na katika eneo hilo la karibu mita 340 kwa sekunde hewa huiadhibu risasi vibaya sana, hivyo kasi ya ziada inaporwa mapema na kuchelewa kunaongezeka. Nimeona walengaji wazoefu wakibishana na karatasi zao wenyewe kuhusu hili.

Na magnum je? .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha kawaida cha mashindano cha greni 190 huhama na upepo karibu sawa na 6.5 Creedmoor niliyokutajia. Ukitaka iishinde waziwazi, inakubidi upande hadi vichwa virefu vya greni 215 na kuendelea, na hapo teke linapanda nalo. Utakuwa umelipia baruti nyingi, bega kuuma na mtutu unaokwisha haraka, ili upate kitu ambacho kaliba ndogo inakupa kwa upole. Wapo wanaoihitaji kweli, hasa wanaolenga mbali zaidi ya mita 1200. Wewe bado hujafika huko.

Kuhusu teke, usione haya kulitaja. Si suala la uanaume wala la wembamba. Mwili unajifunza bila kukuomba ruhusa: baada ya risasi kadhaa za magnum, jicho linaanza kufumba na kidole kinaanza kuvuta kifyatulio kwa kushtukiza sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya mlio. Ukilala kifudifudi huku umefunga bega kwenye kitako, mwili hauna pa kurudi, na teke lote unalipokea wewe. Breki ya mdomo wa mtutu hupunguza teke lakini hurudisha mlio na vumbi kwa jirani yako, na mashindano mengi ya kulala kifudifudi hayairuhusu. Kuna faida nyingine ya teke dogo ambayo watu huisahau: unaweza kuiona risasi yako mwenyewe ikitua kupitia darubini, ukasahihisha palepale. Kwa anayejifunza upepo, hiyo ni nusu ya shule.

Sasa .308 dhidi ya 6.5. Sitaki kuidharau .308. Ilitoka mwaka 1952, ina risasi nzuri za mashindano karibu kila duka, mtutu wake huvumilia risasi 5000 na zaidi ukiutunza, na ndiyo kaliba ya Palma. Katika F-TR unaruhusiwa .308 na .223 Remington peke yake, na bunduki pamoja na darubini na miguu yake isizidi kilo 8.25. Udhaifu wake ni kwamba inapofika yadi 1000, kichwa cha greni 175 kinakuwa kimebakiwa na karibu mita 360 kwa sekunde, pembeni kabisa mwa kasi ya sauti, na hapo vichwa vingine huanza kuyumba. Kichwa maarufu cha greni 168 kilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya mita 300, na ndiyo maana watu hukilaumu bure kinapoyumba mita 900. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007 mahususi kwa kulenga shabaha za mbali kwa risasi za kiwandani, inafika hapo ikiwa na mita 440 hivi kwa sekunde. Ina nafasi ya kupumua. Gharama yake ni mtutu: tegemea risasi 2000 hadi 3000 kabla usahihi wa mashindano haujashuka. Hesabu unapiga risasi ngapi kwa mwaka, ugawanye, kisha ujiulize kama hilo linakusumbua.

Utasikia pia habari za 6mm za namna mbalimbali. Ni tamu, teke lake ni dogo zaidi, na washindani wengi wanazitumia. Lakini nyingi zinataka upakie mwenyewe, na zile za kasi humaliza mtutu mapema kuliko 6.5. Ziache hadi utakapojua kupakia. .223 nayo inafaa sana kwa mita 600, bei ya risasi zake ni nafuu na teke karibu halipo. Lakini umesema unataka kufika yadi 1000 kwa bunduki moja, na huko .223 inadai vichwa virefu vya greni 80 na kupanda, ambavyo kwa kawaida havitoshei kwenye magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki), na mkono wa mtu anayeusoma upepo vizuri sana.

Na hili la upepo ndilo linalonifanya nisitake ubishi wa kaliba ukulaze macho. Duara la alama za juu la F-Class, mashindano ambayo F-TR ni tawi lake, kwa yadi 1000, ukiacha kile kiduara cha ndani cha kuamulia sare, lina upana wa inchi 10, sentimita 25 hivi. Ukikosea kukadiria upepo kwa mita 1 tu kwa sekunde, .308 itahama sentimita 58 na 6.5 sentimita 42. Zote mbili zimetoka nje ya duara! Tofauti ipo, nayo inakupa alama kadhaa mwisho wa siku, lakini hakuna kaliba ya kununua itakayokusomea bendera.

Historia inayo mfano mzuri. Mwaka 1874, katika uwanja wa Creedmoor huko New York, timu za Ireland na Marekani zilishindana kwa yadi 800, 900 na 1000, kwa baruti nyeusi na vichwa vya risasi vya polepole ambavyo leo mtu angevicheka. Wamarekani walitumia bunduki za kupakia nyuma, Waayalandi za kupakia mdomoni. Wamarekani walishinda 934 kwa 931. Alama tatu! Na katikati ya mechi hiyo Mwayalandi mmoja aliipiga shabaha katikati kabisa, ila ilikuwa shabaha ya jirani, akaambulia sifuri. Teknolojia zote mbili ziliweza kazi. Kilichoamua ni jicho la mtu kuwa kwenye namba sahihi.

Tuje kwenye bunduki yenyewe. Mtutu mrefu hauongezi usahihi. Unaongeza kasi kidogo, mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila inchi, basi. Inchi 24 hadi 26 zinakutosha. Unene una maana yake, kwani mtutu mzito huchelewa kupata joto na haubadilishi tabia upesi, pia uzito hupunguza teke, ila mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri hupiga vizuri vilevile kwa risasi chache za mwanzo. Cha kukagua kwa macho yako ni kama mtutu umeachwa huru: pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao au plastiki ya kitako kuanzia mbele, iteleze hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, bila kukwama. Ikikwama, mtutu unaguswa, na ukipata joto au ukikaza mkanda, matundu yatatangatanga.

Kingine ni msokoto wa mifuo ndani ya mtutu, yaani ile mikwaruzo ya mzunguko inayoizungusha risasi. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisiyumbe. Kwa 6.5 tafuta mzunguko mmoja kwa kila inchi 8, kwa .308 na greni 175, kati ya 10 na 12 ni sawa; kwa .223 ya mbali, 7 au 8. Mtutu wa zamani wa .223 wenye msokoto wa 12 utapiga greni 55 vizuri, lakini vichwa virefu utaviona vikipasua karatasi kwa ubavu, tundu likiwa refu badala ya duara. Ukiona tundu la namna hiyo siku yoyote, usihangaike na darubini, kichwa hakijatulia.

Kifyatulio kiwe safi, kikatike bila kuburuta. Kitako kirekebishike urefu na kimo cha shavu, hasa kwako uliye mwembamba, maana vitako vingi vya dukani hutengenezwa kwa mtu mwenye kifua kipana. Zaidi ya hapo, usilipie mapambo.

Wauzaji watakuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana na kukuapia kwamba bunduki inapiga nusu dakika ya pembe. Matundu matatu hayasemi kitu. Bunduki ya kawaida kabisa inaweza kukupa matundu matatu mazuri mara moja moja, na bunduki nzuri ikakupa matatu mabaya. Piga kumi, ikiwezekana ishirini, kwa mwendo wa mashindano, kisha pima. Bunduki inayoweka kumi ndani ya dakika moja, ambayo ni sentimita 2.9 kwa mita 100, kwa risasi za dukani, ni bunduki ya kujivunia. Nunua aina tatu au nne za risasi za mashindano kwa kiasi kidogo, uone mtutu wako unapenda ipi, kisha ununue nyingi za toleo hilohilo la kiwanda. Kama klabu ina kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, pima na kasi pia: risasi zinazotofautiana kwa mita 10 kwa sekunde hazitaonekana mbaya kwenye mita 100, lakini kwenye yadi 1000 zitapishana juu na chini kwa sentimita 20 na zaidi. Hapo wengi hulaumu pumzi zao bure.

Gawanya pesa yako kabla hujaingia dukani. Darubini isiwe chenji iliyobaki. Kutoka mita 100 hadi yadi 1000, 6.5 inahitaji uipandishe kwa miliradiani (kipimo cha pembe) 8 hadi 9, na .308 kwa 11 hadi 12. Darubini nyingi zikifungwa kwenye reli bapa, ile ya kuishikia darubini juu ya bunduki, hazina nafasi hiyo, kwa sababu nusu ya marekebisho yake yanakuwa yameelekea chini bure. Reli yenye mwinamo wa dakika 20 za pembe inakuongezea karibu miliradiani 6 kwenda juu. Vitufe vizungushwe kwa miliradiani kama unafikiri kwa mita: kila mlio wa kitufe wa 0.1 ni sentimita 1 kwa mita 100. Jaribu darubini kwa kupanda na kushuka mara kadhaa na kuona kama inarudi palepale. Ukuzaji mkubwa mno si sifa. Siku ya joto, mawimbi ya hewa yatakuonyesha shabaha inayocheza ngoma.

Na .22 usiiuze. Kwenye mita 200, risasi yake huhamishwa na upepo kwa pembe inayokaribia ile ya .308 kwenye mita 700. Unapata shule ileile ya kusoma nyasi, vumbi na bendera kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kabla hujalipa senti, yapo mambo ya kumalizana nayo ana kwa ana. Nenda kwa mamlaka ya leseni uulize kama kaliba unayoitaka inaruhusiwa na kama leseni yako inataja kaliba. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na jibu langu halina uzito mbele ya afisa. Uliza klabu uwanja umeidhinishwa kwa kaliba ipi na umbali upi. Omba mwalimu akuangalie ukiwa umelala na bunduki, kwa saa moja tu. Atakuona kosa la bega au shavu ambalo maandishi hayaliwezi. Waombe wenye .308 na 6.5 wakuachie upige chache za kila moja. Vaa kinga mbili za masikio, ya ndani na ya nje, na ukisikia mlio masikioni usioisha hadi kesho yake, muone daktari.

Kuhusu ile ya mtumba: bei nzuri inaweza kuwa bei ya mtutu uliokwisha. Usitosheke kuona mifuo inang'aa ukichungulia kwa mbele. Mtutu huliwa kwanza kooni, mbele kidogo ya chemba, ambako gesi moto hupita kwa nguvu zaidi, na pale hapaonekani bila kamera ndogo ya fundi. Muulize muuzaji imepiga risasi ngapi na za aina gani. Akisema hajui, ihesabu kuwa ya kubadilishwa mtutu na utoe gharama hiyo kwenye bei. Fundi bunduki aliyeidhinishwa aikague koo, chemba na kufunga kwa bolti kabla hujapiga hata risasi moja, na kama muuzaji hataki ipelekwe kwa fundi, mrudishie bunduki yake.